Hatua Mbili Ndani ya Mlango

Septemba 4

Daftari hili nimelinunua kwa hasira. Wifi amesema anayetaka kuzama kina kirefu msimu huu lazima aandike kila siku alivyolala, alivyokula na anavyojisikia, kwa sababu mwili ukianza kuchoka huwa hausemi kwa sauti. Nikamwambia mwili wangu unasema kwa sauti sana, na usiposema mimi nausemea. Akacheka. Wifi hucheka kwa kila kitu, ndiyo maana wateja wanampenda yeye na mimi wananiogopa.

Nimelala vizuri. Nimekula vizuri. Najisikia vibaya kwa sababu ya kununua daftari.

Septemba 5

Nimesoma ya jana nikaona mtu akiliokota daftari hili hataelewa kitu, basi naeleza mara moja tu.

Familia yetu ina duka la uzamiaji bandarini. Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye mwalimu na ndiye mwenye neno la mwisho. Mume wangu anaendesha boti. Mimi najaza mitungi ya hewa kwenye chumba cha nyuma, pamoja na kompresa, mashine ya kushindilia hewa, inayopiga kelele kunizidi. Baba mkwe amestaafu, lakini kila asubuhi huja kukaa kwenye benchi la mlangoni na kuwapa wateja ushauri ambao hawakuuomba.

Nje ya bandari, mwendo wa saa moja kwa boti, kuna meli ya mizigo iliyolala chini kwa ubavu tangu Wifi akiwa mtoto. Sehemu yake ya juu iko mita arobaini na nane, na mchanga wa chini uko mita sitini. Baba mkwe alikuwa fundi wa mitambo humo. Ilipiga mwamba, ikazama taratibu, na mabaharia wote wakatoka wazima. Kwa hiyo si kaburi la mtu, na kwetu inazungumzwa kama nyumba ya zamani tuliyohama. Wifi ameitamani tangu alipojua kuogelea. Wateja tunawapeleka kwenye matumbawe, mita kumi na tano, tunawarudisha na picha zao. Kwenye meli hatumpeleki mtu.

Mwenzake wa kuzama, waliyejiandaa naye muda mrefu, amehamia mbali. Na huko mtu haendi peke yake. Juzi Wifi akaja chumba cha kompresa, akasubiri kelele ziishe, akasema, "Nimekuchagua wewe."

Nikamwuliza kama watu wameisha.

"Watu wapo," akasema. "Ila wewe ukiona kasoro huwezi kunyamaza hata ulipwe."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Mimi nazama miaka saba sasa, lakini sijawahi kupita mita thelathini. Nimekubali. Maji yanakaa maangavu mpaka Novemba, halafu mito inaleta tope na msimu unafungwa.

Septemba 8

Mazoezi bwawani. Kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena macho yamefumbwa. Maji puani.

Septemba 9

Yale yale. Maji puani.

Septemba 12

Leo tumerudia ishara za mikono kana kwamba mimi ni mteja. Nilikasirika, kisha nikaona kwa nini.

Chini hakuna maneno. Dole gumba likielekezwa juu maana yake tunapanda, safari imekwisha. Yeyote anaweza kulipandisha, wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu, na mwenzake hana jibu lingine ila kurudisha dole hilo hilo. Hiyo ni sheria ya wazamiaji wote. Ya kwetu ina nyongeza ya Wifi: aliyepandisha dole ndiye hupakuliwa chakula wa kwanza siku hiyo, sahani ijae, na ni marufuku kumwuliza kwa nini mpaka amalize kula. Wifi anasema mtu akijua atahojiwa akiwa bado analowa, siku nyingine atasita, na huko chini hakuna nafasi ya kusita.

Nikamwambia kwa majivuno kwamba katika miaka saba mimi sijawahi kupakuliwa wa kwanza hata siku moja. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, wifi," akasema.

Nyumbani dole gumba halitumiki kabisa kumaanisha "safi". Mwaka jana mume wangu alisifu mchuzi kwa dole, na dada yake akainuka mezani.

Septemba 19

Naandika haya huku naona aibu.

Leo tumeshuka mita arobaini kwa hewa ya kawaida, makusudi, ili nijue ulevi wangu. Hewa hii tunayovuta kila siku, ukiivuta kina kirefu, inalevya kama pombe. Mmoja hupigwa na hofu, mwingine huwa mzito wa kufikiri, mwingine hujiona shujaa. Kwa hiyo kwenye meli tutatumia hewa iliyochanganywa na heliamu, ambayo hailevyi. Lakini Wifi alitaka kila mmoja wetu amwone mwenzake akiwa amelewa, ili siku mambo yakiharibika amtambue.

Nilifika chini nikaona dunia ni nzuri mno. Mapezi ya miguuni, ambayo hunibana siku zote, hayakunibana. Maji hayakuwa baridi. Palikuwa na chewa mnene amejificha chini ya jiwe, nikamsalimia kwa mkono kama jirani. Wifi akanipa kibao na penseli, kaandika hesabu: kumi na saba jumlisha nane. Niliitazama ile hesabu kwa mapenzi makubwa. Chini yake nikaandika: NAKUPENDA WIFI.

Papo hapo akapandisha dole. Tukapanda.

Kwenye boti nikamwuliza mume wangu kama nilikuwa kwenye hatari. Dada yake akadakia, "Tangu uolewe na ndugu yangu hujawahi kuniandikia hivyo. Nilijua umeshapotea."

Kwa hiyo sasa inajulikana rasmi: nikinung'unika niko salama, nikifurahi niokolewe. Mume wangu amecheka mpaka akakosea kufunga kamba. Nimemwuliza Wifi ulevi wake yeye ni upi, maana mita arobaini alikuwa sawa kabisa, hata hesabu yangu alinifanyia. Akasema hajui. Hajawahi kujiona.

Wifi alipakuliwa wa kwanza. Alikula sahani mbili.

Septemba 21

Chakula cha Jumapili kwa Baba mkwe. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mama, karibu," halafu hakunyamaza mpaka saa kumi.

Ana hadithi ya meli kuzama ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko habari za redio. Nahodha alivyoshika mwavuli kwenye mashua ya kuokolea. Mpishi alivyokataa kuacha sufuria yake mpya. Sote tunacheka pale pale tunapochekaga, na yeye hupumzika kidogo pale ili tucheke. Leo akaongeza kipande kipya. Kwenye chumba cha mashine alikuwa na kulabu ya shaba aliyoichonga kwa mkono wake, ya kutundikia koti.

"Koti limeshaoza, hilo najua," akasema. "Lakini shaba haiozi. Kulabu ipo. Hatua mbili tu ndani ya mlango, mkono wa kulia."

Wifi alikuwa amebeba sahani kwenda kuosha. Akasimama nazo mlangoni. "Hatua mbili?"

"Mbili tu."

Nikasema kwa sauti kwamba hatuingii ndani ya meli. Sheria ya mwaka huu ni nje tu. Kuingia ndani ya meli iliyozama ni mafunzo mengine kabisa: unafunga uzi mlangoni, unaingia nao, na tope likitimka usione hata mkono wako unaufuata uzi kutoka. Hatujajifunza hilo. Wifi akasema, "Kweli kabisa," akaenda kuosha vyombo. Alikuwa anaimba.

Huyu mzee anamtia mwanawe kiherehere, na sijapenda.

Septemba 26

Nimelala vizuri. Kompresa imeharibika, nimeitengeneza, nimeitukana.

Oktoba 3

Wifi amenisomesha gesi mpaka kichwa kinauma. Gesi yako unaigawa mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya balaa. Mshale wa kipimo ukifika theluthi ya kwanza unageuka, hata kama unachokitaka kiko mbele ya pua yako. Theluthi ya balaa si yako, ni ya mwenzako siku mtungi wake ukimsaliti.

Na kupanda si kupanda tu. Mwili umenyonya gesi kama sifongo. Ukipanda haraka inafanya mapovu kwenye damu, unaweza kupooza au kufa. Kwa hiyo unasimama njiani, kituo hadi kituo, umeshika kamba. Dakika ishirini chini, karibu saa nzima ya kurudi. Nikasema hiyo ni safari ya kipuuzi. Akasema, "Ndiyo, na utaipenda."

Oktoba 6

Kila mtungi una gesi yake na kina chake, na ukikosea ukavuta gesi ya juu, ile ya kupandia yenye oksijeni nyingi, ukiwa chini, oksijeni ile inakuwa sumu. Kwa hiyo kila mtu hupima mtungi wake mwenyewe na kuandika kina kwa herufi kubwa kwenye mkanda wa gundi. Ninajaza mimi, lakini hata mimi siruhusiwi kumpimia Wifi. Nimeona ni kunidharau, kisha nikagundua mtungi mmoja nilikuwa nimeubandika mkanda wa jana. Nimeubandua bila kunung'unika, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Leo pia tumeonja mchanganyiko wa heliamu kwenye boti, pumzi chache tu kuhakikisha vifaa vinafanya kazi. Heliamu inageuza sauti. Wifi akasimama wima akatoa hotuba nzima ya usalama kwa sauti ya bata. Nilicheka mpaka nikalala juu ya mapezi. Mume wangu alikuwa anauliza, "Niokoe au nisiokoe?"

Oktoba 10

Mkondo mkali. Hatukutoka.

Oktoba 11

Mkondo mkali. Wifi ameitazama bahari asubuhi nzima, mikono kiunoni.

Oktoba 12

Mkondo. Nimefua.

Oktoba 15

Tumeiona.

Tuliteremka kwenye kamba mpaka mita arobaini na tano, tukasimama hapo, hatukugusa. Kwanza ni buluu tupu. Halafu buluu inakuwa nzito mahali pamoja, halafu inakuwa na ukingo, halafu unaelewa kwamba ule ukingo ni reli ambayo watu waliwahi kuegemea wakivuta sigara. Imelala ubavu. Samaki wanapita madirishani bila haraka. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, na badala yake nilitaka kumwita mtu aje aone.

Nilijipima haraka. Mapezi yalinibana, shingo ilikuwa na baridi, na Wifi alikuwa ananipigia mapovu usoni. Basi sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimefurahi tu, kama watu wengine.

Kwenye kituo cha mwisho, mita sita, tulining'inia kwenye kamba muda mrefu tukitazamana. Wifi alikuwa analia ndani ya miwani. Nikamshika bega. Tulipofika juu nikamwambia ni maji ya chumvi. Akasema ndiyo, ni maji ya chumvi.

Oktoba 18

Upepo. Baba mkwe ameuliza tena tutafika lini kwenye mlango. Nimemjibu kwa heshima lakini nilikuwa nimeuma meno.

Oktoba 24

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Bahari ilikuwa shwari. Mpango: kushuka mpaka kwenye sitaha, kufuata reli hadi mlango wa chumba cha mashine, kuutazama kwa nje, kugeuka. Dakika ishirini. Tulipima mitungi, kila mtu wake. Mume wangu alitukagua kamba kwa kamba, akatugonga helmeti, tukaingia.

Mkondo ulikuwepo, chini kidogo ya uso, ule usiouona kutoka kwenye boti. Tulivuta kamba kwa mikono muda wote wa kushuka. Nilikuwa nahema, na nilijua Wifi naye anahema. Kwenye sitaha tukapata kivuli cha meli na maji yakatulia. Akanionyesha duara la kidole, sawa? Nikamrudishia, sawa. Tukafuata reli.

Mlango upo. Upo wazi. Lakini meli imelala ubavu, kwa hiyo mlango wenyewe umelala, kama dirisha pana lililo chini ukutani. Nilichungulia kwa tochi nikaona kile ambacho Baba hakuwa amekifikiria, wala mimi: humo ndani hakuna hatua mbili. Hakuna sakafu ya kupigia hatua. Ukuta umekuwa sakafu, na mkono wa kulia wa Baba sasa ndio dari. Nyaya zilikuwa zimening'inia kutoka juu kama nguo kwenye kamba, na kila kitu kilikuwa na tope laini la kijivu, unene wa kiganja.

Nikageuka kumwonyesha Wifi. Hakuwa ananiangalia mimi. Tochi yake ilikuwa ndani, juu, inatafuta kitu. Halafu kichwa chake kikaingia. Halafu mabega.

Nilidhani anachungulia. Kisha nikaona mapezi yake yanapiga taratibu, kwenda mbele. Mapovu yake yakagonga dari, na kutu ikaanza kuanguka kama unga. Mtungi wake wa pembeni ukakwama kwenye waya. Akajitikisa, ukaachia, na tope likaamka lote. Katika muda wa kuvuta pumzi mbili, mwanga wa tochi yake ukawa doa la kahawia.

Hakuwa na uzi.

Nilishika pezi lake. Sikuvuta polepole kwa adabu, nilivuta kama ninavyovuta mtungi uliokwama kwenye rafu. Akatoka kinyumenyume na wingu la tope. Miwani yake ikaja mbele ya yangu, na macho yake yalikuwa yanatabasamu. Nikapandisha dole.

Akanionyesha kidole kimoja. Dakika moja.

Sijui nieleze vipi jinsi nilivyoshtuka. Dole halijibiwi kwa kidole kimoja. Ni yeye aliyenifundisha, ni yeye anayewafokea wateja kwa hilo. Nikalisogeza dole langu mpaka karibu ligonge kioo cha miwani yake, nikalishikilia hapo. Kwa mkono mwingine nikakamata kipimo chake nikamwonyesha. Mshale ulikuwa umeshapita theluthi, muda mrefu uliopita. Ulikuwa unakula theluthi ya kurudi na hata mlangoni hatujageuka.

Alitazama mshale. Alitazama mlango. Nilifikiri, kama akirudi ndani nitamfuata, na tutafia humo wote wawili, na mume wangu atabaki juu anaangalia saa.

Akapandisha dole.

Gesi yake haikutosha kuvuka vituo vyote kwa raha. Kwenye mita ishirini na moja nilimpa mdomo wa ziada wa kupumulia kutoka kwenye mtungi wangu, tukavuta pamoja mpaka tulipofika kwenye gesi ya juu. Kila kitu kilikwenda kama tulivyofanya mazoezi, na maji puani yote ya Septemba nikayasamehe. Lakini hakuniangalia hata mara moja.

Kwenye boti alivua miwani, na kabla hata hajafungua mkanda akasema, "Kwa nini?"

Nilikuwa bado nalowa. Sikuwa nimekula. Mume wangu aliiachia kamba aliyokuwa ameishika.

"Nilikuwa nimefika," akasema. "Nilikuwa naiona. Kwa nini, wifi?"

Nimesema maneno ambayo sitayaandika humu. Hakuna aliyepakuliwa kitu. Tumerudi bandarini, na mimi nimeingia chumba cha kompresa nikaiwasha bila kazi yoyote, ili nilie kwa nafasi.

Oktoba 25

Wifi hakuja dukani.

Oktoba 26

Alikuja nyumbani kwangu mchana. Nilikuwa jikoni. Hakubisha hodi yake ya kawaida ya kuimba. Alisimama tu mlangoni ameshika sufuria iliyofungwa kwa kanga. Akaiweka mezani, akachukua sahani, akanipakulia wali na maharage mpaka sahani haikushika. Akakaa mbele yangu. Nikala. Nilikula chote, na nilichukua muda wangu, kwa sababu nilikuwa na haki hiyo.

Nilipomaliza akasema, "Sikumbuki kuangalia kipimo."

Nikasukuma sahani pembeni.

"Tangu kwenye kamba, sikumbuki. Mimi ninayewaambia watu waangalie kila dakika mbili. Heliamu ilikuwa inatosha, nimeirudia hesabu. Haukuwa ulevi wa kina, wifi. Ulikuwa ulevi wangu mwenyewe. Niliona mlango nikafurahi, na ile furaha ikanivuta kwa shati." Akajifuta pua kwa mkono kama mtoto. "Na wewe unaniuliza kila siku ulevi wangu ni upi."

"Sasa tunaujua," nikasema.

"Na nilikuuliza kwa nini kabla hujala."

"Hilo ndilo sitakusamehe," nikasema, na nilimaanisha kwa karibu dakika nzima.

Siku zote nimemwona Wifi kama mtu aliyezaliwa bila woga na bila kasoro, na hilo limekuwa likinichosha. Leo nimempenda, nikiwa nchi kavu na akili zangu timamu. Sikumwambia. Nimemwambia sufuria yake ina chumvi nyingi.

Tumekubaliana kesho tuwaambie wote, mume wangu na Baba, bila kupunguza.

Oktoba 27

Wifi ndiye aliyesema, amesimama, kama mwanafunzi. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Hakutania. Aliinuka akaenda zake.

Saa tisa akaja chumba cha kompresa, ambako haingii kamwe kwa sababu ya kelele. Nikazima.

"Mama," akasema, "siku ile kwenye mashua, nahodha alihesabu vichwa akakosa kimoja. Kilikuwa changu. Nilirudi kuchukua koti. Maji yalikuwa magotini, nikasema ni hatua mbili tu. Taa zikazimika nikiwa nimelishika. Mpishi ndiye aliyerudi akanivuta kwa ukosi. Koti nikaliachia hapo hapo."

"Baba, mbona hujawahi kusema?"

"Ilikuwa haichekeshi. Nikaitoa kwenye hadithi. Nimeisimulia bila hiyo miaka mingi mpaka nikawa mimi mwenyewe siikumbuki." Aliangalia mitungi yangu yote iliyopangwa ukutani. "Hiyo kulabu, mliiona?"

"Yeye anasema aliiona. Mimi sikuiona."

"Usiione hivyo hivyo," akasema.

Nilikuwa nimemkasirikia tangu Septemba. Nilimletea kiti, akakaa nami mpaka jioni, nikijaza mitungi ya wateja. Kwa mara ya kwanza hakunipa ushauri.

Oktoba 31

Mvua milimani. Maji bandarini yameanza kuwa kama chai.

Novemba 2

Chai ya maziwa.

Novemba 3

Mume wangu anasema msimu umekwisha. Wifi anasema huko nje huenda bado. Mimi nasema wote wawili wananichosha. Tumefanya mazoezi bwawani hata hivyo. Sasa tuna jambo jipya: kila dakika mbili Wifi ananionyesha kipimo chake mimi, na mimi namwonyesha changu yeye. Ni yeye aliyelitunga. Wateja wawili wametuona wakauliza kama ni mchezo.

Novemba 6

Upepo umegeuka. Nimelala vibaya kwa matumaini.

Novemba 9

Maji ya nje yalikuwa yamefunguka, kwa siku moja tu, mume wangu alisema, labda na nusu. Tulitoka asubuhi. Baba mkwe alipanda boti bila kuombwa, amevaa kofia, akakaa nyuma ameshika thamosi ya chai kwa mikono miwili. Wifi akapima mtungi wake, mimi nikapima wangu, tukaandika kina, tukasomeana mkanda kwa sauti. Baba hakusema neno lolote kuhusu mlango.

Hakukuwa na mkondo kabisa. Tuliteremka kama watu wanaoshuka ngazi za nyumbani. Vipimo, kila dakika mbili: wake, wangu. Maji yalikuwa maangavu hivi kwamba niliiona meli yote kwa mara moja, kutoka kichwani mpaka mkiani, ilivyo ndefu, ilivyotulia, na kundi la samaki wadogo wa fedha likageuka juu yake lote kwa pamoja. Mapezi yalinibana. Namshukuru Mungu kwa mapezi yanayobana.

Tulishika reli kwa mikono yote miwili. Tukafuata sitaha. Mlango ulikuwa mbele yetu, mwendo wa kurusha jiwe, na tope lake lilikuwa limelala tena kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kulisumbua. Vipimo: gesi tele, yake na yangu. Saa: muda ulikuwepo, zaidi ya nusu. Nilimtazama Wifi nijue kama tunasogea.

Akapandisha dole.

Nilitazama kipimo chake tena. Nilitazama waya, mtungi, macho yake. Sikuona kitu. Na nakiri kwamba mimi, mwenye mdomo huu, nilitaka kuuliza kwa mikono, kwa kibao, kwa chochote. Nikarudisha dole. Tukapanda.

Kituo kwa kituo. Mita sita tulining'inia kwenye kamba, jua likatupiga kwa juu likatawanyika kwenye mapovu yetu, na Wifi akawa anapiga mapezi kwa mdundo wa wimbo ambao siujui. Nilimsoma kwa makini yule mtu. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na hofu. Nikakata tamaa ya kuelewa nikaanza kufuata mdundo.

Juu, mume wangu alitupokea mitungi. Hakuna aliyeuliza. Baba mkwe aliangalia saa yake, akaona tumerudi mapema, akatuangalia nyuso, mmoja mmoja, kisha akafungua thamosi. Akamwaga chai kidogo kwenye suruali na hakujali. Nikampakulia Wifi wa kwanza. Sahani ijae. Akaketi juu ya ukingo wa boti, miguu ikining'inia, akala bila haraka, punje kwa punje, huku mimi nimesimama mbele yake na kijiko mkononi kama askari wa zamu. Nadhani alifanya makusudi.

Alipoweka sahani chini nikasema, "Haya. Kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu."

"Gesi?"

"Nyingi."

"Kichwa?"

"Kizima. Wifi, kila kitu kilikuwa sawa. Maji, gesi, wewe, mimi. Kila kitu." Alitazama pale tulipotokea, ambapo sasa hapakuwa na alama yoyote. "Nilitaka tu mara moja tupande wakati kila kitu kiko sawa."

Mume wangu alikuwa ameinama anakunja kamba, akabaki ameinama. Baba mkwe alivua kofia, akaivaa tena.

Mimi nilikuwa na maneno mengi, kama kawaida. Nikachukua sahani yake, nikamwongeza chakula.